Mpira unaoliwa upande wa ndani

Fundi pancha aliulaza mpira chini, akapitisha kiganja juu ya meno yake kutafuta msumari. Alipofika upande wa ndani akaurudisha mkono haraka. Kidole kilikuwa kinatoka damu.

Haukuwa msumari. Zilikuwa nyuzi za chuma za mpira wenyewe, zimechomoza kwenye ukingo wa ndani, mzunguko mzima. Upande wa nje wa mpira ule ule meno yalikuwa bado marefu, na michirizi yake ina kina cha kutosha kabisa kwa mtu anayepita akatupa jicho.

"Na huo mwengine vipi?" akaniuliza.

Tukazungusha usukani mpaka mwisho, tukainama kuchungulia. Vile vile.

Tulikuwa Machomane, hapa Chake Chake Pemba, gari imetoka Konde imejaa watu, na nyuma wamekaa watoto wa ami yangu wamelala wameegemeana. Nikaangalia mpira, nikawaangalia wao. Tukatafuta mipira ya kuazima, tukafika nyumbani salama, Alhamdulillah. Lakini jambo lile liliniganda rohoni, kwa sababu mipira ile ilinunuliwa mipya, tena miwili kwa pamoja, na ile iliyotangulia iliisha hivyo hivyo.

Mpira ukiisha, umeisha. Ukiisha upande mmoja tu, kuna kitu kinausaga.

Kila mtu ana jibu

Ukitaka kujua gari yako ina nini, kaa barazani Chake baada ya laasiri uulize. Utapewa majibu manne kabla kahawa haijapoa. Mimi niliyapata yote: barabara, upepo, mipira yenyewe kuwa dhaifu, alaimenti, yaani magurudumu kukaa na kuelekea sawa.

Sikuyadharau. Niliyachukua moja moja nikayapeleka kwenye ule mpira.

La barabara ndilo lililosemwa zaidi, na ndilo lililonishughulisha zaidi, maana Pemba yetu ni vilima na kona. Lakini fikiria gari inavyopinda. Uzito wote unahamia magurudumu yaliyo upande wa nje wa kona, na mpira wa mbele unalalia bega lake la nje. Anayekata kona kwa kasi kutwa kucha, mipira yake ya mbele huliwa kwa nje. Yetu inaliwa kwa ndani. Kwa hiyo kona zetu, kama zina mchango wowote, zilikuwa zikiipa mipira hii nafuu. Na shimo? Shimo linaweza kupinda chuma, lakini aghalabu linapinda upande uliotumbukia. Huku mpira wa kushoto na wa kulia ililiwa sawasawa.

Upepo nao una alama yake. Ukiwa mdogo, mpira huliwa mabega yote mawili. Ukizidi, huliwa katikati. Kibandiko cha mlangoni kwenye gari yetu, Toyota Noah, kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu: 220 kPa, yaani pauni 32 kwa geji za mafundi wetu. Tulikuwa hapo hapo.

Mpira dhaifu huisha upesi. Hauchagui upande.

Hapo likabaki jibu la mwisho, alaimenti, na ndilo lililonikosesha raha. Alaimenti ilikuwa imeshafanywa.

Karatasi

Ninayo mpaka leo. Gereji moja yenye mashine, kamera na vioo vinavyofungwa kwenye magurudumu, ilitoa karatasi yenye namba za kijani kila mahali. Mbele sawa, nyuma sawa. Na kweli, gari ilikuwa ikienda wima. Ukiachia usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka haivuti kushoto wala kulia.

Nilichukua muda kuelewa kwamba kwenda wima si ushahidi. Magurudumu mawili ya mbele yakiwa yamefunguka, yaani kila moja limeelekeza uso wake nje kidogo, la kushoto linataka kwenda kushoto na la kulia linataka kwenda kulia. Nguvu zao zinalingana, zinauana. Dereva hahisi kitu mkononi. Ugomvi wote unamalizikia kwenye mpira, na unamalizikia ukingo wa ndani.

Fanya hesabu. Rimu ya inchi 15 kutoka ukingo hadi ukingo ni kama sentimita 40. Gurudumu likikengeuka kiasi kwamba ukingo wa mbele wa rimu umetoka nje milimita 1 tu kuliko ukingo wa nyuma, basi kila mita 1 ya safari mpira unaburuzwa ubavu milimita 2 na nusu. Kila kilomita, mita 2 na nusu. Ukishatembea kilomita 100, mpira umeburuzwa ubavu mita 250 juu ya lami huku umebeba gari na watu.

Milimita moja! Jicho haliioni kabisa.

Lakini karatasi ilisema haipo hata hiyo milimita moja. Basi nani mkweli, karatasi au mpira?

Hili swali nililala nalo na kuamka nalo. Mashine ile si ya kubahatisha, na kijana aliyeitumia alijua kazi yake, nilimwona. Na mpira hauna sababu ya kusema uongo.

Kiganja na timazi

Kuna mambo mawili makubwa yanayoweza kula ukingo wa ndani wa mipira yote miwili ya mbele. Moja ni hilo la magurudumu kufunguka kwa mbele. La pili ni magurudumu kulala: juu yameingia ndani, chini yametoka nje, uzito ukakaa kwenye ukingo wa ndani. Mafundi wengi huyachanganya kwa sababu mwisho wake unafanana. Dawa zake hazifanani.

Kiganja kinaweza kuyatenganisha. Gurudumu likiwa limelala tu, mpira huliwa laini, unateremka taratibu kuelekea ndani bila makali. Likiwa limefunguka, mpira unaburuzwa, na kila jino linaachwa na makali upande mmoja. Pitisha mkono kutoka ukingo wa nje kuja ndani, kisha urudishe kutoka ndani kwenda nje. Ukikwaruza ukija ndani na ukateleza ukienda nje, magurudumu yamefunguka. Ukikwaruza ukienda nje, yamejifunga, na mara nyingi hapo utakuta ukingo wa nje ndio unaoliwa.

Nikaurudia ule mpira uliotolewa, nikapitisha kiganja kwenye meno ya katikati, maana ya ndani hayakuwepo tena.

Kuja ndani, ulikwaruza. Kwenda nje, laini.

Sikutosheka. Ami yangu ana duka lenye baraza pana la saruji, na jirani yake ni mwashi. Tukasukuma gari mpaka kwenye saruji, tukahakikisha kwa pima maji kwamba pako sawa, mwashi akaleta timazi. Tukaining'iniza mbele ya gurudumu, tukapima nafasi kati ya uzi na ukingo wa juu wa rimu, kisha uzi na ukingo wa chini. Tofauti ilikuwa kama milimita 4, juu likiingia ndani. Kwa rimu ile ni kama nusu ya digrii, na pande zote mbili zilikaribiana. Gari nyingi zinatoka kiwandani hivyo. Nusu digrii peke yake haimalizi mpira mpaka nyuzi.

Basi mashitaka yakabaki kwa lile la kwanza. Na lile la kwanza karatasi ilikuwa imelifutia kesi.

Kinachotembea na kilichosimama

Nilikwenda kwa mzee ambaye ametengeneza gari zetu tangu mimi mtoto. Nusu ya mafundi wa Chake wamepitia mikononi mwake.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Imekuwaje tena?"

Nikampa mpira. Aliugeuza, akaupapasa, hakusema neno. Akawaambia vijana wapige jeki.

Kijana mmoja akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa: hapo unasikiliza bolijointi na beringi. Akalishika kushoto na kulia: hapo ni tairodi na rek-endi, zile fito zinazogeuza gurudumu. Hakuna kilichocheza. Nilivunjika moyo, nakiri, kwa sababu nilitaka kitu kicheze. Ukiona kitu kinacheza unanunua spea, unafunga, unarudi nyumbani.

Mzee akauliza kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe: "Gurudumu likining'inia linabeba uzito gani?"

Halibebi. Ndiyo hoja. Akateremsha gari chini, akamwambia kijana aingie aiendeshe pale pale uwanjani polepole, mbele kisha nyuma, na kila mara akanyage breki. Mimi na yeye tukachuchumaa kando, macho kwenye gurudumu la mbele, kwenye uwazi uliopo kati ya mpira na bodi.

Breki ilipokamata, gurudumu lilirudi nyuma. Lilirudi peke yake, kabla ya gari, na liliporudi uso wake ukafunguka nje. Breki ilipoachiwa, likarejea mahali pake.

Akaomba mtaimbo, akauingiza kwenye wishboni, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, karibu na bushi, raba inayouunga mkono huo na gari, akabinya kidogo. Raba ilikuwa imechanika kutoka kwenye chuma chake. Ukiitazama kwa juu inaonekana nzima, imejaa vumbi jekundu la barabarani, na mpasuko unajitokeza pale tu inapobanwa. Upande wa pili ukawa hivyo hivyo.

Karatasi na mpira wote wakweli. Mashine iliipima gari imesimama, na gari iliyosimama ilikuwa sawa. Mpira uliandikwa gari ikitembea, ikipunguza mwendo kwenye kila mteremko, ikikanyaga breki kwenye kila tuta la karibu na skuli. Safari nzima bushi zilikuwa zikiachia na kurudi, kuachia na kurudi, na pale gari inapoingia kwenye mashine zimeshatulia mahali pake.

Swali gumu kuliko bushi

Ningeishia hapo kama nisingekumbuka kitu. Bushi zile zilibadilishwa. Zilibadilishwa pale pale, kwa mzee, wakati wa mipira iliyotangulia, na ziliwekwa mpya, si za mtumba. Inakuwaje raba mpya ichanike ndani ya maisha ya jozi moja ya mipira?

Nilisoma usiku huo mpaka macho yakauma. Bushi ya aina hii haizunguki kwenye ekseli yake. Bomba la ndani linabanwa na bolti lisisogee, bomba la nje limeshikwa na wishboni, na raba iliyogandishwa katikati ndiyo inayojipinda gurudumu linapopanda na kushuka. Kwa hiyo lile pahala wishboni ilipo wakati bolti inakazwa ndilo raba italichukulia kuwa kwao. Ukikaza gari ikiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, raba imefungwa katika hali ya kuning'inia. Teremsha gari: wishboni inapanda, raba inajipinda kama nguo inayokamuliwa, na inabaki imekamuliwa hivyo hata gari ikiwa imelala bandani. Kila shimo linaongeza juu ya kile kilichokwisha jipinda. Inachanika mapema.

Miongozo ya watengenezaji wa gari inasema wazi: bolti ya bushi ikazwe kwa mkazo wake wa mwisho gari ikiwa imesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu yake.

Na mimi nilikuwepo bushi zile zilipofungwa. Nilikuwa nimekaa juu ya dumu, na nakumbuka gari ilikuwa juu ya jeki mpaka bolti ya mwisho.

Sasa unamwambiaje? Huyu ni mtu aliyefungua injini kabla baba yangu hajajifunza kuendesha. Amewalisha watoto wa mtaa mzima kwa kuwafundisha kazi. Kwetu mtu huendi kwa mzee mbele ya wanafunzi wake ukamwambia kilichochanika kimechanika kwa mkono wake. Na pia huwezi kunyamaza, kwa sababu gari ile inabeba watoto, na gari anazofunga yeye ni nyingi, na wale vijana wanakaza kama walivyomuona akikaza.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Si kwenye milimita.

Nilikwenda baada ya alasiri, vijana wameshaondoka. Sikumwambia kitu. Nilimuuliza. Nikasema, mzee wangu, hii raba ikishikwa na bolti gurudumu likiwa linaning'inia, halafu gari ikikaa, si inakuwa imeshapinda tayari?

Alinyamaza. Akachukua ile bushi iliyochanika, akaingiza bisibisi kwenye bomba la ndani, akazungusha taratibu mpaka mpasuko ukafunguka. Akaangalia mpasuko ulivyokata: wa mshazari, kuzunguka bomba.

"Zimechanika zote kwa upande mmoja," akasema.

Kesho yake zikafungwa mpya. Zilipokuwa zimeshashindiliwa kwenye wishboni kwa presi na bolti zimeshikwa kwa mkono tu, kijana akanyoosha spana kukaza. Mzee akamzuia. Akaamuru gari iteremshwe, isukumwe mbele na nyuma, ibonyezwe bampa mpaka ikae. Ndipo akalala mwenyewe kwenye gunia chini ya gari, akakaza. Akawaita vijana wote waje waone mkono wake ulipo. Hakuwaeleza kwa nini siku hiyo, ila nimepita gerejini mara kadhaa tangu hapo, na sijaona tena bushi ya wishboni ikikazwa juu ya jeki.

Mshipi

Ukishabadilisha kitu chochote huku chini, vipimo vya mwanzo vimekufa. Lazima upime upya, na lazima kwa utaratibu: kwanza kinachocheza, kisha mlalo wa gurudumu, mwisho mwelekeo wake. Ukianza na mwelekeo ukamalizia na mlalo, umeuharibu mwelekeo uliouweka.

Hatukurudi kwenye mashine. Tulipima kwa mshipi wa kuvulia, na kwa mtu mwenye subira kazi hii inatosha. Tulifunga mishipi miwili, mmoja kila upande wa gari, kwa urefu wa katikati ya gurudumu, imetandwa juu ya nguzo fupi mbele na nyuma. Inatakiwa iwe sambamba, na gari iwe katikati yake barabara. Uzito wa kazi uko hapo: mara nyingi upana kati ya magurudumu ya mbele na wa yale ya nyuma haulingani, kwa hiyo unapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka kwenye mshipi, kushoto na kulia, mpaka kila jozi ilingane. Gari isukumwe kwenda mbele kabla ya kupima, isiwe imetoka kwenye jeki hivi punde, maana magurudumu yaliyoteremshwa hukaa yamejibana.

Halafu usukani unafungwa usicheze, na rula inasoma: mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, mshipi hadi ukingo wa nyuma.

La kushoto lilikuwa limefunguka milimita 1 na kitu, la kulia karibu sawa na hilo. Tukalegeza nati za tairodi, tukazungusha kwa kiasi kile kile pande zote mbili ili usukani ubaki katikati, tukasukuma gari, tukapima tena. Tukarudia mpaka mbele na nyuma zikasoma namba moja.

Bei ya bushi zote haikufika bei ya mpira mmoja. Ami aliuliza mara mbili kama nimesahau kitu kwenye hesabu.

Wapo walionishauri niipindue ile mipira ya zamani kwenye rimu, upande mzima ukae ndani, nimalizie meno yaliyobaki. Kwa mpira ambao ukingo umeanza tu kushuka, na ambao hauna mshale wa mwelekeo wala maandishi ya upande wa nje, inawezekana. Kwa mpira uliokwisha onyesha nyuzi, hapana, hata ukiwa wa bure. Zile nyuzi ndizo zinazoushika mpira usipasuke, na zikishakutana na maji ya chumvi na matope ya masika zinaoza. Niliichana ile mipira kwa msumeno ili asije mtu akaiokota akaifunga.

Baada ya masika

Mvua zilipokatika nilizungusha usukani mpaka mwisho, nikapitisha kiganja. Gurudumu la kulia, laini kuja na kwenda. La kushoto lina mkwaruzo mdogo sana ukija ndani, mdogo kiasi kwamba nilimwita dada yangu naye aguse, na naye akausikia.

Nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Kushoto kuko chini kuliko kulia kwa upana wa kidole. Springi ikilegea, gari hukaa chini, na gurudumu hubadilisha mlalo na mwelekeo wake hata kama hakuna bolti iliyoguswa. Mzee ameshaniambia nisinunue springi moja, zinakwenda kwa jozi, na nisinunue ya mtumba iliyokaa chini ya gari nyengine miaka hiyo yote. Zikifika, tutazifunga, tutateremsha gari kabla ya kukaza, na mishipi itatandwa upya barazani kwa ami.